Chale Mbili Kwenye Bolti

Bweni la Wasichana,
Kampala.
10 Februari 2019

Mjomba Makokha,

Pokea salamu zangu na za Mama. Sisi tu wazima. Mama bado yuko soko la Owino kwenye mstari uleule wa suruali za kiume, ila amepata jirani mpya anayemwaga nguo zake mpaka njiani, na kila asubuhi wanaanza siku kwa ugomvi. Jumatatu alinileta shuleni mwenyewe, godoro kichwani, kwa sababu mwenye boda alimwita "jaja" naye akasema bibi hawezi kupanda pikipiki. Nyumba yetu ya Kamwokya imepakwa rangi. Nilipita Bwaise kabla ya shule kufungua. Kibanda chako cha ufundi sasa ni cha mtu anayenyoa nywele na kuchaji simu, na mstari wa tope la yale mafuriko bado uko ukutani, usawa wa kiuno changu.

Naandika barua kwa sababu simu haziruhusiwi hapa, na ile ya matroni ni dakika tatu huku watu kumi wakikupumulia mgongoni. Barua nampa Mama siku ya kutembelewa, naye anampa Obonyo wa lori la saruji, ambaye anasema hufika kambini kwenu kila baada ya wiki mbili.

Sasa jambo lenyewe. Msimu wa roboti ulifunguliwa jana. Mwaka huu roboti inatakiwa iokote mikebe sakafuni na kuipanga kwenye rafu ya ngazi tatu. Mashindano ni tarehe 13 Aprili. Kazi hiyo inahitaji mkono, na mkono tunao: ule wa mwaka jana uliotupatia kikombe, tulioutengeneza kibandani kwako. Mimi ndiye nahodha sasa. Wale wasichana watatu niliokuwa nao wako sinia ya nne, yaani kidato cha nne, na wameambiwa wasomee mitihani.

Lakini Mwalimu Goretti, mlezi wetu, amekisoma kitabu cha kanuni mstari kwa mstari. Kitu kilichonunuliwa misimu iliyopita tunaweza kukitumia tena, mradi kiko kama kilivyotoka dukani: hakijakatwa, hakijatobolewa, hakijasuguliwa kwa tupa. Mota, betri, magurudumu, bolti, hayo hayana neno. Ila kitu kilichoundwa kabla ya siku ya ufunguzi hakiruhusiwi. Kinavunjwa, kinarudi kuwa vipande, na vipande vinafungwa upya na wanafunzi wenyewe. Wanasema ni ili shule inayoanza mwaka huu isishindane na kabati la shule iliyoanza zamani.

Mwalimu aliuweka mkono mezani aanze kuhesabu. Akakuta kila bolti ina chale mbili ndogo kichwani, zimekatwa kwa msumeno wa chuma. Bolti arobaini na sita, zote. Yeye alizaliwa kambi ya jeshi, na akishangaa anaacha Kiingereza na kurudia Kiswahili cha kambini. Akaniuliza: "Nerima, nani nakata hii bolti yote?"

Nikasema sijui. Mjomba, nimwambie nini?

Mpwa wako,
Nerima


Kambi ya Barabara,
Turkana.
24 Februari 2019

Nerima, mpwa wangu,

Barua imefika juzi ikiwa na duara la mafuta katikati, kwa hiyo Obonyo aliifanya sahani ya chapati. Nimeisoma hivyo hivyo. Mimi ni mzima. Huku jua linaanza kazi kabla yetu na linafunga baada yetu. Nina greda mbili na malori manane ya kutunza, na mavumbi yanaingia mpaka mahali ambapo hewa haiingii. Nimepungua mwili kidogo. Usimwambie mama yako, ataleta unga kwa miguu.

Yule kinyozi akae salama kibandani. Mwambie mvua za Aprili zikija apandishe vitu vyake juu ya dari, asisubiri kuambiwa na maji.

Picha yenu na kikombe nimeibandika ndani ya kifuniko cha sanduku langu la spana. Hapa mtu haazimi spana kabla ya kuitazama na kuniambia nahodha ni yupi.

Sasa hiyo kanuni. Nimeisoma mara tatu, labda ni mafuta yaliyonizuia kuielewa. Kitu ni kizuri, kinafanya kazi, kimeshinda, halafu mtu mwenye akili timamu anasema kivunjwe kwa sababu kalenda imegeuka? Mimi tangu nizaliwe navaa misimu iliyopita. Mama yako anauza misimu iliyopita ya Ulaya nzima pale Owino na sijaona refa akija kumpulizia filimbi. Bwaise yote inatembea kwa gia zilizotoka kwenye magari yaliyokufa. Kama hao wenye kanuni wangepita pale kwa siku moja na kitabu chao, jioni Kampala ingekuwa inatembea kwa miguu.

Kuhusu zile chale. Ni zangu, unajua ni zangu. Ukiwa fundi Bwaise bila alama yako, umekwisha. Mtu anakuletea gari Jumanne, Ijumaa anarudi anapiga kelele kwamba ulichofunga kimevunjika, kumbe alipita kwa mwingine Alhamisi akafungiwa takataka. Ukiwa na alama unamwambia, fungua boneti tuangalie: yenye chale mbili ni yangu, isiyo na chale katafute baba yake. Sasa mkono umezoea. Unachanja kabla kichwa hakijauliza.

Mwambie mwalimu bolti zilitoka dukani hivyo. Kuna viwanda vinaweka alama zao, nani atabisha? Halafu uacheni mkono mzima mzima, muupake mafuta, mseme mliufungua mkaufunga. Bolti haina cheti cha kuzaliwa. Mlishika spana ninyi wenyewe mwaka jana, mtashindwaje kusema mmeshika tena?

Msalimie dada yangu. Kula, hata kama ni posho na maharage.

Mjomba wako,
Makokha


Bweni la Wasichana,
Kampala.
6 Machi 2019

Mjomba,

Salamu zako zimefika, na Mama anauliza kupungua kidogo ni kilo ngapi. Sikumwambia mimi, aliisoma barua kabla yangu. Ametuma unga wa wimbi kwa Obonyo. Amepatana na jirani yake baada ya mvua kuwakuta wote wawili na nguo nje.

Kuhusu bolti, sikumwambia Mwalimu kwamba zilitoka dukani hivyo. Sikumwambia chochote. Amezitia kwenye mkebe na kuandika juu yake kwamba zisitumike, kwa kuwa zimekatwa. Tumenunua nyingine soko la vipuri la Kisekka. Mabamba ya alumini yaliyotobolewa mwaka jana nayo yamewekwa pembeni. Zilizobaki ni mota mbili, mnyororo na gia zake, na ile springi ya mlango iliyokuwa kwenye mkono.

Kwa hiyo mkono haupo tena. Niliuvunja mwenyewe Jumamosi, Akwero akiandika orodha. Akwero ni mgeni kwenye timu, anatoka polisi kota, kwenye nyumba za askari, ana akili na anauliza maswali mengi. Kuuvunja kulichukua saa moja. Tangu siku hiyo nimejaribu kuufunga mara tatu kwa mabamba mapya. Mara ya kwanza mnyororo uliruka. Mara ya pili mota ilinguruma na haikuinua kitu. Mara ya tatu mkono ulipanda, ukakaa juu kidogo, halafu ukaanguka ukakunja bamba. Kuna kitu springi ilikuwa inafanya, na sikijui. Ilishikwa wapi? Ilivutwa kiasi gani? Kipi kinatangulia, ekseli au mnyororo?

Akwero aliniuliza: "Si wewe uliitengeneza mwaka jana? Sasa unasahau namna gani?" Nikamwambia mwaka ni mrefu.

Nitaliandika jambo hili mara moja. Umeandika kwamba tulishika spana. Mwaka jana wiki ile mimi nilikuwa sikubei, chumba cha wagonjwa, na malaria, na wale watatu walikuja kwako siku moja, wakaacha vipande kwenye boksi. Tulipokuja Jumapili mkono ulikuwa umekwisha kufungwa na umepakwa mafuta, nawe ukasema, "Nimekaza kaza tu kidogo." Siku ya mashindano mkaguzi aliuliza nani ameunda. Nikasema sisi. Wewe ulikuwa nyuma ya ukumbi, ulinisikia.

Sitaki kubishana juu ya hayo. Ninachotaka ni unieleze kwa maneno jinsi unavyofungwa, ili safari hii nifunge mimi. Zimebaki wiki tano na siku tatu. Jibu upesi.

Nerima


Kambi ya Barabara,
Turkana.
17 Machi 2019

Nerima,

Unga umefika na nimekunywa uji kama mfalme. Mwambie mama yako ni kilo nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa za bure.

Malori yote yanatembea isipokuwa moja. Kumenyesha siku moja, watu wakatoka nje kusimama kwenye mvua na nguo zao.

Obonyo atampa mama yako boksi. Limefungwa kwa mpira wa tairi, usilikate kwa wembe, fungua fundo. Ndani kuna mkono. Nimeufanya siku nane, baada ya kazi, kwa alumini ya kibanda cha greda iliyopinduka mwaka juzi. Nimeupima kwa mikebe ya maziwa iliyojaa mchanga na haukutikisika. Ule wa mwaka jana ulikuwa wa kujifunzia. Huu unainua mara mbili yake.

Sikutia chale hata moja. Nilikuwa nimekaa juu ya mkono wangu wa kulia, kusema kweli.

Umeundwa baada ya siku ya ufunguzi, kwa hiyo kanuni yao haijaguswa. Funga kwenye roboti kwa bolti sita, unganisha waya mbili, basi. Fungueni boksi wewe na huyo Akwero, si lazima mwalimu awepo.

Uliniuliza kwa maneno. Mimi si mtu wa maneno. Nikianza kuandika springi inashikwa wapi, tutafika Krismasi nawe bado uko kwenye nati ya kwanza. Unataka kushinda au unataka hadithi?

Makokha


Bweni la Wasichana,
Kampala.
31 Machi 2019

Mjomba Makokha,

Sisi ni wazima. Mama alilileta boksi Jumapili iliyopita, amelifunika kwa suruali ili mlinzi wa getini asiulize. Anakusalimu.

Nilifungua fundo, sikukata. Mkono ni mzuri. Nimeona vitu vya dukani kwenye picha za kitabu cha kanuni, hakuna kinachoufikia. Mimi na Akwero tuliufunga kwenye roboti Jumatatu baada ya prepu, masomo ya jioni. Ulipanga mikebe kumi na miwili bila kuangusha hata mmoja. Akwero akacheka kwa furaha, halafu akaacha kucheka akauliza: "Mkaguzi akisema tueleze hii springi, nani ataeleza?"

Kwamba umeundwa baada ya siku ya ufunguzi ni kweli, lakini unajua kanuni ilisema pia nani anafunga. Niliiandika kwenye barua ya kwanza na wewe huwa huruki mistari.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Jumatano nilibeba boksi mpaka nyumbani kwa Mwalimu Goretti. Nikamwambia habari ya mkono huu, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia na ya mwaka jana. Bolti, malaria, kila kitu. Nilidhani atanigombeza. Aliinuka akatoa faili, akanionyesha fomu ya mwaka jana. Chini yake imeandikwa kwamba kazi yote imefanywa na wanafunzi, na kuna saini yake.

Akasema: "Mimi natia saini, Nerima. Mimi naamini wewe. Sasa wewe nataka mimi nafanya nini?"

Nikamwambia nataka wenye mashindano wajue. Amewaandikia. Huenda wakatufungia mwaka huu, huenda wakamfungia yeye. Tunangoja.

Mkono wako uko stoo, nimeufunga tena kwa mpira uleule. Obonyo atakurudishia. Mimi na Akwero tumeanza wetu. Ni wa mbao na alumini, ni mzito na unapinda kushoto. Springi hatukuielewa, tumetumia ndoo ndogo yenye kokoto upande wa pili, ikishuka mkono unapanda. Inachekesha lakini inapanda.

Nina hasira nawe, nisikufiche. Miaka yote nikija kibandani ulinipa spana nikushikie. Nilishika spana nyingi sana. Kila nilipotaka kukaza ulisema, "Ngoja, utaiharibu," ukakaza wewe. Mimi nilikuwa tayari kuiharibu.

Usikasirike sana. Niandikie.

Nerima


Bweni la Wasichana,
Kampala.
22 Aprili 2019

Mjomba,

Pasaka njema. Obonyo amekuja na kurudi mara moja bila barua yako. Anasema boksi alikupa mkononi na barua pia, na ukamwambia asante.

Mama ni mzima, mafua kidogo tu. Mvua imeanza. Kinyozi wa Bwaise alipandisha vitu darini, maji yakaishia kwenye kizingiti, anashukuru.

Waandaaji walijibu siku tatu kabla ya mashindano. Walisema tuje, kwa sababu tumesema wenyewe, lakini kikombe cha mwaka jana kirudi na vyeti vyetu vyote vya mwaka jana vifutwe. Mwalimu Goretti haruhusiwi kutia saini fomu kwa mwaka mmoja, ya mwaka huu imetiwa saini na mwalimu wa fizikia.

Tumekuwa wa tisa kati ya shule kumi na nne. Tulipanga mikebe saba. Mara moja ndoo ya kokoto ilimwagika na ukumbi mzima ukacheka, na mimi pia. Kabla ya hapo mkaguzi, mzee mmoja mwenye miwani kwenye kamba, aliuliza nani ameunda mkono. Nikasema mimi na Akwero. Akauliza kwa nini kokoto na si springi. Nikamweleza kwamba springi inavuta kwa nguvu tofauti ikiwa imenyooka na ikiwa imelegea, na hatukuwa na muda wa kuijua, lakini kokoto ni zilezile juu na chini. Akaniuliza maswali mengine sita. Yote nilikuwa nayajua. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kufurahi namna ile kwa kuulizwa maswali.

Kurudisha kikombe kulikuwa kwenye mkutano wa asubuhi, Jumanne. Mwalimu mkuu aliuliza kama ninataka Mwalimu Goretti ndiye aseme. Nikasema nitasema mwenyewe. Nilisema kwamba mwaka jana mkono uliundwa na mtu mzima, mjomba wangu, na kwamba mimi nilijua na nikasema ni sisi. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Kushuka jukwaani ndiko kulikochukua muda.

Wale watatu wa sinia ya nne walikuwa wameviweka vyeti vyao kwenye fremu. Hawanisalimu. Nikiingia kwenye foleni ya chakula wanahama. Sijui kama nina haki ya kulalamika, nimeandika tu ujue.

Mama alipokuja nilimweleza. Alikuwa anakunja shuka langu. Akakunja mpaka mwisho, halafu akasema: "Makokha tangu utoto alikuwa ananifanyia hesabu zangu zote, ili mwalimu asinichape. Ndiyo maana mimi nauza suruali." Sikujua kama anatania.

Tafadhali jibu.

Nerima


Kamwokya,
Kampala.
26 Mei 2019

Mjomba,

Niko nyumbani kwa likizo, kesho narudi shuleni. Mama na mimi tu wazima.

Obonyo anasema unakula, unafanya kazi, na akitaja jina langu unaingia chini ya lori. Sitaandika tena mpaka uandike wewe. Si hasira. Ni kanuni, na hii nimeitunga mimi.

Nerima


Kambi ya Barabara,
Turkana.
16 Juni 2019

Nerima,

Mimi ni mzima, jino moja tu linanisumbua. Greda ya pili imekufa gia na tunasubiri nyingine kutoka Mombasa. Msimalize sukari yote kwa sababu ya mafua, tangawizi inatosha.

Barua zako tatu ninazo. Ya Machi niliisoma nikaiweka. Ya Aprili niliisoma nikaenda kulala jua likiwa bado liko juu, sikula. Ya Mei ilinichekesha, nikazidi kukasirika kwa sababu sikutaka kucheka.

Nitakuambia kilichoniuma, usije ukadhani ni jambo jingine. Niliacha shule darasa la sita. Tangu hapo nimefanya kazi ambayo ikiwa nzuri gari linaondoka na hakuna anayenikumbuka, ikiwa mbaya linarudi. Mwaka jana watu wenye tai walikaa mezani, wakaitazama kazi yangu, wakaandika alama, wakasimama wakasema hii ndiyo bora kuliko zote. Hawakujua ni yangu, lakini mimi nilijua. Nilipiga makofi mpaka mama mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka. Kikombe kile kilikuwa changu, Nerima, na wewe ulikirudisha bila kuniuliza. Hicho ndicho kilichoniweka chini ya lori.

Na lile la hesabu, mama yako hakuwa anatania. Nilikuwa nampenda, sikutaka achapwe. Hakuwahi kuniambia.

Ijumaa iliyopita, wakati wa chakula, mpishi wetu Fadhul aliniuliza mbele ya watu wote kama shule yenu imeshinda tena. Walinyamaza kusikiliza, kwa sababu mimi ndiye niliyewachosha na habari hizo. Ningeweza kusema bado. Niliweka sahani chini nikawaambia yote, nani alifunga ule mkono na kwa nini kikombe kimerudi. Nilidhani watanicheka.

Fadhul akasema: "Kumbe bingwa ni wewe, fundi." Mmoja akaanza kugonga sahani, wakafuata wote. Siku nzima niliitwa Bingwa. Nilifurahi, siwezi kukudanganya, nilifurahi sana mpaka jioni.

Jioni nikahesabu. Mimi nilisema ukweli mbele ya watu kumi na wanne, wakanigongea sahani. Wewe uliusema mbele ya shule nzima, kuhusu kosa langu, na ulishuka jukwaani kimya. Mimi mtu mzima nilikuwa huku nimenuna, nimeweka barua yako kwenye mfuko wa shati kana kwamba wewe ndiye uliyenikosea. Nisamehe, mama. Nilipaswa kusimama pale kando yako, na kama nauli ingekosekana, nilipaswa angalau kuandika.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, ni ya Mwalimu Goretti. Nimeandika jina langu lote, namba ya kitambulisho, na nani alifunga nini siku gani. Nimeandika kwamba wale wasichana watatu waliniachia vipande na kuniamini, na kwamba wewe ulikuwa mgonjwa. Akitaka kuisoma mbele ya shule, aisome. Mwombe aisome. Sijui kama itarudisha chochote.

Wale watatu wakianza kukusalimu tena, niandikie. Wasipoanza, niandikie pia.

Mjomba wako,
Makokha